Kipande cha Mwisho cha Kamba

Maabara nzima ilimwita Mama Taa, maana kutwa yuko kwenye chumba cha giza, yeye na mwanga wake. Kazi yenyewe si uchawi. Nailoni ikivutwa vizuri kiwandani, molekuli zake ndefu hulala upande mmoja, na hapo ndipo nguvu ya kamba ilipo. Mama Taa huupitisha mwanga kwenye kichujio ili utetemeke upande mmoja tu, akaupima ukitetemeka sambamba na uzi, kisha ukiukingama uzi. Vipimo vikitofautiana, molekuli zimejipanga. Vikilingana, zimelala shaghalabaghala na kamba ni bomu.

Safari hii kamba aliiletewa na mdogo wake, mpaka rangi wa maghorofa. Kamba ilikatika, mwenzake akaanguka akafa, na mkandarasi kamtwisha yeye lawama: eti aliiacha kamba isuguliwe na ukingo wa ukuta. Yeye anaapa ilikuwa mbovu tangu dukani. Nyingine yote ilishachomwa moto. Kilichobaki ni kipande hicho, na kesi inamngoja.

Nailoni hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo kabla ya kuipima huikausha tanurini kwa moto mdogo. Mama Taa akaingiza nyuzi zote kwa pamoja, roho juu, asitazame kipimo cha moto. Miaka yote hiyo hatazami, mkono umezoea. Kumbe jamaa wa chumba cha pili alikuwa ameupandisha kuyeyushia plastiki zake.

Alipofungua, nyuzi zilikuwa zimejikunyata. Moto wa namna ile huvuruga mpangilio wote. Akapima hivyo hivyo kwa ubishi, akageuza kichujio huku na huku, na vipimo vikalingana: kamba bomu. Jibu lile lile alilokuwa akiliombea, na halikuwa na thamani hata chembe.

Mdogo wake alikuwa kwenye benchi la ukumbini, rangi bado imemganda kuchani. Akasimama.

"Imesema nini, dada?"

"Nimeiunguza, mdogo wangu. Hata ingekuwa nzima, sasa ingeonekana mbovu."

Akaitazama bahasha aliyoletea kile kipande, sasa tupu mkononi mwa dada yake.

"Kwa hiyo hata wewe hujui kama ni mimi."

Mama Taa alifungua mdomo amwambie anajua. Neno halikutoka.