Kaka Yangu Alinivunja Taya kwa Sababu ya Mkebe wa Wax

Admin, usiweke jina langu tafadhali, huku Othaya tunajuana. Niko na miaka ishirini na saba, sijaolewa, nauza nguo sokoni na naishi na mama. Watoto wake tuko wawili tu, mimi na kaka yangu. Baba alikufa tukiwa wadogo, na huyu kaka aliacha shule akaenda kuchuna majani chai ndio mimi nisome. Nataka mjue hilo kwanza, kwa sababu bado nampenda.

Mwaka huu alinunua gari nyeusi. Ilikuwa imetumika lakini rangi bado safi, ukisimama kando unajiona uso. Alikuwa anajiandaa kupeleka ruracio, yaani mahari, kwa kina mchumba wake kule Mukurweini. Mchumba nitamwita Wambui, ingawa si jina lake. Ni msichana mpole, na tayari ana mimba ya kaka.

Siku moja nikienda Nyeri kuchukua nguo, kaka akaniambia, "Niletee polish, ile kali kabisa. Nataka wale wazee wakodoe macho."

Kwa duka la spea nikamkuta mama mmoja Mhindi. Akaniuliza rangi ya gari iko namna gani. Nikasema bado ni nzuri, shida ni vumbi ya barabara ya murram na mvua.

"Basi wacha polish," akasema. "Hiyo inakwangua rangi kidogo ndio ing'are, ni ya gari imechoka. Yako inataka wax. Inakaa juu ya rangi, inaikinga."

Nikampigia kaka, simu imezimwa. Nikanunua wax.

Asubuhi alipoona ule mkebe akaugeuzageuza mkononi. "Nilikutuma nini?" Nikamweleza nilivyoambiwa. "Ati Mhindi ndiye anajua gari yangu kuliko mimi?" Akautupa kwa migomba, akaenda gereji kwa rafiki yake, akarudi na dawa nzito ya kusugulia rangi. Akaanza kusugua jua likiwaka na gari bado ina vumbi. Nikamwambia, "Si uioshe kwanza?" Akasema ninyamaze.

Alipofuta, boneti ilikuwa imekwaruzika duara kwa duara, imepauka kama majivu. Kisha akaniangalia.

"Umefurahi sasa?"

"Kaka, mimi sijasema neno."

Kofi la kwanza lilinibamiza kwa mlango wa gari. Akanishika nywele zangu za rasta, akaniinamisha usoni juu ya boneti, akanisugua nayo vile alikuwa anasugua na kitambaa. "Angalia! Angalia kazi yako!" Pua ikapasuka. Nilipojaribu kujitoa akaokota spana ya kufungulia tairi akanipiga nayo. Nilisikia taya ikivunjika kabla sijasikia uchungu. Nikaanguka, akaendelea na mateke ya mbavu mpaka mama akatoka zizini mbio, akanilalia juu akipiga nduru, "Utaua mtoto wangu!"

Hapo ndipo aliacha. Unajua alifanya nini? Alichukua kitambaa akaanza kufuta damu yangu kwa boneti, polepole, bila hata kuniangalia.

Hospitalini mama alimwambia daktari nimepigwa teke na ng'ombe nikikama. Mimi singeweza kufungua mdomo nimpinge. Sasa meno yamefungwa na waya, nakunywa uji kwa mrija. Kaka alikuja akapiga magoti kando ya kitanda, akalia mpaka wagonjwa wengine wakamhurumia. Sijui kama yale machozi yalikuwa ya uongo. Sidhani.

Ruracio ni kesho. Jana, nikiwa nimesharudi nyumbani, Wambui aliniandikia ujumbe: "Dada, naambiwa ni ng'ombe. Mimi nimekama tangu nikiwa mdogo na sijaona ng'ombe ikifanya mtu hivyo. Juzi alinikaba shingo kwa sababu nilichelewa kushika simu, halafu akacheka akasema ni mchezo. Nakuomba kama mama wa mtoto wenu. Ni yeye?"

Mama alinikuta nikisoma, akachukua simu akausoma pia. Akakaa kitandani kwangu akaniambia, "Ile ilikuwa hasira ya siku moja. Huyu ndiye alikulea. Ukimjibu huyo msichana vibaya, tafuta kwako. Na huyo mtoto akizaliwa bila baba, utamweleza wewe."

Nimeandika "ndiyo" nikafuta. Nimeandika "hapana" nikafuta pia, kwa sababu nikifunga macho naona mikono yake kwa shingo ya huyo msichana. Sina kwingine kwa kwenda, na wazee wetu wanaondoka hapa na mahari asubuhi.

Nyinyi mnaosoma hapa, hasa wale mmewahi kulelewa na mtu halafu akawageukia: mngekuwa mimi, mngemjibu Wambui nini?