Gari Lisilonuka Mazutu

Daktari alipotuambia kwamba moyo wa Mama umechoka na hautapata nafuu, Mama hakulia. Aliniomba kitu kimoja tu: nimpeleke Karagwe, ng'ambo ya mpaka, akalione kaburi la Kagabo.

Kagabo alikuwa kaka yangu. Sikumjua. Alizaliwa Tanzania, Mama alikokulia ukimbizini, na homa ikamchukua akiwa ndiyo kwanza ameanza kuunganisha maneno. Walimzika juu ya kilima, pembeni ya shamba la migomba la jirani. Baadaye likaja lori la kuwarudisha watu Rwanda. Mama alikaa nyuma kabisa, upande wa bomba la moshi, na kilima kile akakiona kwa mara ya mwisho kupitia wingu jeusi. Mimi nilizaliwa Kigali. Tangu utotoni nimemwona akifunika pua kwa mtandio kila basi lilipoondoka kituoni. Mazutu, ndivyo tunavyoiita dizeli huku kwetu, ilikuwa kwake harufu ya kumwacha mtoto.

Watu wa Karagwe walituambia kwa simu kwamba njia ya mwisho ni udongo mtupu na ni mvua, tusije na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Mimi leseni ninayo, ila sikuwahi kumiliki hata baiskeli. Lakini hospitali ilikuwa mbali na Gitega, mtaa wa Kigali tunakoishi, na pikipiki Mama hakuweza kuzipanda tena. Nikaamua kununua gari langu la kwanza, lililotumika.

Kimisagara, asubuhi. Nilishuka bondeni kwenye gereji ya fundi Hamza, ambaye babu yake alikuja Kigali na biashara ya vitambaa kutoka pwani. Alikuwa amelala chini ya gari la kijivu, miguu tu ikionekana.

"Hii iko ya lisansi," alisema kutoka chini, akimaanisha petroli. "Masaka, hapo nje ya mji, kuna mzee iko na ya mazutu. Zote zinavuta mbele na nyuma. Wewe unataka gani?"

"Iliyo bora."

Akajivuta nje, akaniangalia kama mtu aliyeombwa kuchagulia mwingine mchumba. "Sikiliza, dada. Mazutu inavuta pole pole, kwenye matope haibabaiki, na ukijaza tangi unasahau kituo. Lakini ikizeeka, pampu na nozeli zikikufa, utalia. Na kama ni ya kuzungusha tu hapa mjini, haipati moto vizuri, inajaa masizi. Lisansi inakunywa kama mgeni wa harusi, ila iko kimya, na vipuri vyake napata hapa hapa bondeni."

"Na kilima cha udongo?"

"Itapanda. Tairi bado ziko na uhai." Akaipiga teke moja kuthibitisha. "Utapanda mara ngapi huko?"

"Mara moja."

Alirudi chini ya gari.

Masaka, mchana wa siku iliyofuata. Mama alikataa kubaki nyumbani. Mwenye gari aliitwa Gaspard, mkulima wa nyanya aliyekulia Uganda. Alitupokea kati ya nyumba mpya zisizo na rangi na vijishamba vilivyobanwa katikati yake. Gari lake lilikuwa refu, la kijani, limesimama kama ng'ombe aliyeshiba.

"Panda, mukecuru, usikie mwenyewe," alimwambia Mama, akimwita bibi kwa Kinyarwanda. "Halijawahi kunitupa njiani, hili. Mke wangu amenitupa mara mbili."

Mama alicheka, akapanda. Gaspard akawasha. Injini ilikohoa, ikatoa moshi, kisha ikatulia katika mtetemo mzito ambao niliusikia mpaka kwenye meno. Tulizunguka hadi barabara ya lami na kurudi. Nguvu ilikuwepo, kwenye mteremko wenye makorongo lile gari lilitembea kama liko sebuleni. Nilipenda kila kitu chake. Nikageuka kumwambia Mama, nikakuta mikono yake imeshika magoti kwa nguvu, na mtandio umezungushwa usoni mpaka macho tu yamebaki.

"Ni gari zuri," alisema kupitia kitambaa. "Nunua, mwanangu."

Aliposhuka, alienda pembeni ya mahindi ya Gaspard, akatapika.

Gaspard alimletea maji ya kunawa. Kisha akanivuta kando. "Utachukua ya lisansi, naona. Sawa. Lakini kwenye huo mlima wako, madamu, utanikumbuka."

Siku ya safari tuliondoka Gitega kungali na ukungu. Majirani wa uchochoroni walimbebea Mama mto na chupa ya chai. "Safari njema, Mama Aline," walimwambia. Aline ndiye mimi. Kigali nzima inamjua Mama kwa jina langu.

Gari la kijivu lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Baada ya Kayonza alilala, mtandio umeanguka mabegani, pua yake wazi. Nilijiambia nimechagua vizuri. Nilijiambia hivyo kwenye kila kona mpaka Rusumo, mwisho wa Rwanda.

Darajani mto ulipita chini yetu ukiwa na rangi ya matofali. Upande wa pili ilibidi niache mkono wa kulia na kuendesha kushoto, na jasho likanitoka. "Kushoto, mwanangu, kushoto," Mama aliniongoza, ameamka kabisa, kwa sauti ya mtu aliyefika kwao.

Benako tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Nilishusha kioo, nikamwambia kijana wa pampu, "Lisansi, tafadhali. Jaza."

Kijana alinitazama. "Leseni utamwonyesha trafiki, dada. Mimi nauza mafuta."

Mama alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya moyo wake. "Mtilie petroli, baba," alimwambia. "Huyu anaandika vitabu. Maneno ya kawaida yanampa shida."

Karagwe tulifika mchana, na mvua ilikuwa imetutangulia. Tuliacha lami, tukapita kati ya migomba, na njia ikainuka. Udongo ulikuwa mwekundu, unang'aa kama umepakwa siagi. Nilivutisha magurudumu yote manne kama Hamza alivyonionyesha. Tukapanda kidogo. Kisha gari likaanza kwenda kando badala ya mbele, taratibu, kwa adabu, mpaka likaegemea ubavu kwenye tuta la njia. Niliongeza moto. Magurudumu yalizunguka bure. Kilima kilikuwa pale pale juu yetu. Ningeweza kuhesabu migomba yake.

Mwanamke wa umri wa Mama alikuwa akishuka peku, amejifunika kichwa kwa jani la mgomba. Alikuwa Kokushubira, jirani wa zamani, mwenye shamba. Aliinama dirishani, akamtazama Mama kwa muda mrefu.

"Mama Kagabo," alisema.

Sikuwahi kumsikia mtu akimwita Mama hivyo. Uso wake ulifunguka. Alikuwa na jina jingine muda wote ule, na lilikuwa limebaki huku.

Mtoto mkubwa wa Kokushubira, Rwegasira, alikuja na pikapu yake ya kubebea kahawa. Tuliisikia kabla ya kuiona, na kabla ya hapo tuliinusa. Alimwamkia Mama, akazunguka gari letu, akachuchumaa kwenye gurudumu.

"Ningenunua la dizeli," nilimwambia.

"Tatizo si petroli, dada. Hizi ni tairi za lami. Hata dizeli ingelala hapa hapa." Akanyanyuka. "Mama ahamie kwangu, nimfikishe."

Moshi ulikuwa ukimwagika kutoka chini ya pikapu na kukaa kwenye mvua, haupandi wala hauondoki. Nilimshika Mama mkono. "Tungoje hapa chini. Kesho patakauka."

"Kesho ya nani, Aline?"

Alishuka mwenyewe. Rwegasira alimpandisha mbele. Mimi na Kokushubira tukashika vyuma vya nyuma. Kupitia kioo kidogo nilimwona akijifunika mtandio usoni. Pikapu ikanguruma, ikang'ata udongo, ikapanda. Kwenye kona ya mwisho, kilima kilipofunguka mbele yetu, aliushusha mtandio. Alipanda akivuta hewa ile yote, macho ameyakodoa, kama mtu anayeogopa kupitwa.

Kaburi halikuwa na jiwe. Kokushubira alikuwa amepanda hapo mmea wa kuwekea mipaka ya mashamba, wenye majani marefu membamba, na kila walipopanda migomba upya aliwakataza watoto wake wasiuguse. Mama alipiga magoti kwenye tope.

"Nimechelewa," alimwambia mwanawe. Kisha akanivuta nipige magoti pia. "Huyu ni Aline. Mdogo wako. Ndiye amenileta."

Tuliporudi, alilala njia nzima. Karibu na Kibungo alifungua macho. "Gari lako halinuki kitu," alisema. Sikujua kama alinisifu.

Mama hakuzimaliza mvua zile.

Sasa marafiki wanaotafuta gari la kwanza huniuliza, lisansi au mazutu? Nawaambia yote aliyoniambia Hamza, na nawaambia waanze kwa kutazama tairi. Wanashukuru. Siwaambii kwamba nilitumia siku za mwisho za mama yangu nikimkinga na harufu aliyokuwa tayari kuivuta, mradi imfikishe.

Nguo zake tulizigawa, kama ilivyo desturi. Mtandio nilibaki nao. Majirani waliniambia niufue, unanuka mazutu. Nimeukunja hivyo hivyo ndani ya mfuko, nikaufunga vizuri, harufu isitoke.