Samaki wa Ziwani Katika Birika la Mkomani

Katika nyumba niliyokulia Mkomani, kisiwani Amu, samaki waliishi bafuni. Kwenye pembe palikuwa na birika, tangi la chokaa lililojengwa pamoja na ukuta, tulimoteka maji ya kuoga na kutawadha. Ndani yake samaki wadogo kama ukucha wa kidole gumba walizunguka kutwa wakila viluwiluwi vya mbu. Waliojenga nyumba ile walipachika bakuli la kauri kwenye sakafu ya birika. Maji yakiisha, au siku ya kulisugua, samaki wote walikimbilia bakulini, na yale maji ya kikombe kimoja yaliwatosha mpaka birika lijazwe tena.

Hawakuwa samaki wa bahari. Bahari tulikuwa nayo mlangoni, ila samaki wake hawadumu katika maji ya kisima. Wetu walitoka ziwani, ng'ambo upande wa bara, kwenye mji mdogo alikozaliwa mama yangu.

Kila shule zilipofungwa tulivuka bahari hadi Mokowe, bandari ya bara, kisha tukapanda gari, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumefika. Mji wenyewe ulikuwa barabara moja ya vumbi na maduka ya mabati. Msimu wa pamba, nyuzi nyeupe zilinasa kwenye nyua zote. Jumapili, nyimbo za makanisa matatu ziligongana juu ya paa la Shosho. Nyuma ya nyumba yake ndiko lilikokuwa ziwa. Mimi niliyezoea maji yanayoondoka na kurudi mara mbili kwa siku, nilistaajabia maji yaliyokaa. Nililala mchana nikijua nikiamka nitayakuta palepale.

Shosho alikuwa mamake mama, Mkristo aliyekuja na walowezi wa kwanza kutoka milimani. Jikoni kwake ilining'inia sufuria moja iliyofungwa kwa leso ya kijani. Ilikuwa yetu, mimi na mama. Haikupikiwa nguruwe, wala haikupikiwa mtu mwingine yeyote. Akitaka kutupikia kuku, alimchukua chini ya kwapa akampeleka kwa mwenye duka Mwislamu achinjwe, kisha akarudi naye. Jirani zake walimtania wakimuuliza kama sufuria ile imesilimu.

"Imesilimu," alijibu Shosho, "lakini bado inanisikia."

Asubuhi ya kuondoka tulishuka naye ziwani na chujio la chai. Alisimama kwanza, akasikiliza viboko wako upande gani, ndipo akaingia hadi vifundoni na kuchota visamaki vya birika. Nilirudi nimepakata chupa pana ya achari, nikiogopa kila shimo la barabara. Mkomani wanawake wa jirani walikuwa wamekwisha kuulizia samaki wao. Shangazi yangu, dadake baba, aliyeishikilia nyumba ile, alisema kakake hakuoa mke, alioa ziwa.

Mama alifariki alfajiri moja nikiwa kidato cha tatu. Shangazi alinipa simu nimpigie Shosho, kwa kuwa mimi ndiye niliyezoeana naye zaidi.

"Shosho, Mama ametutoka," nikasema.

Akaniuliza kama nimekula. Akasema watajipanga, watakuja. Nikasema sawa.

Kwetu maiti hangojeshwi. Mama alizikwa baada ya sala ya adhuhuri siku ileile. Kwa kina Shosho, watu hukutana jioni hadi jioni hata juma zima, wakachapisha picha ya marehemu, wakangoja jamaa wa mbali. Katika nyumba nzima, mimi peke yangu nilizijua desturi zote mbili. Nilizijua vizuri. Ningesema "leo" tu, Shosho angefika, maana safari haikuwa hata ya nusu siku.

Alifika siku ya tatu na dadake, amevaa nguo nyeusi iliyoshonwa upya, amebeba shada la maua na picha ya mama iliyotiwa fremu. Shangazi alimpokea kwa heshima zote. "Bi mkubwa, pole. Tushamsitiri," akamwambia. Shosho hakumtazama Shangazi. Alinitazama mimi. Walimpeleka hadi nje ya ukuta wa makaburi, akasimama kidogo, akarudi bandarini na shada lake.

Sikwenda tena ziwani. Mwanzo palikuwa na mitihani, kisha chuo, kisha kazi. Kila mwaka nilijipatia sababu. Nilisikia ziwa limekauka, watu wanalikatiza kwa baiskeli, viboko wanafia topeni. Siku niliyosikia hayo nilipotea njia nikirudi nyumbani, katika mtaa wa Langoni ninakopita kila siku. Baadaye nikasikia mvua zimelirudisha.

Mwaka huu nyumba ya Mkomani imekodishwa kwa mgeni anayetaka mabomba ya kisasa. Fundi alikuwa anakuja Jumatatu kuvunja birika. Shangazi, ambaye sasa hapandi ngazi ila kwa kushikwa, aliniita nije kuwachukua samaki.

"Ndoo uwatukue samaki wa mamako," alisema kwa Kiamu chake. "Mimi siwaui. Wapeleke kwao."

Nilichota maji ya birika mpaka likabaki bakuli. Walikuwa saba.

Mji wa Shosho umetiwa lami. Shosho nilimkuta mlangoni pa jiko akichambua maharagwe, amekuwa mdogo. Aliitazama chupa.

"Kwani huko Amu hamna samaki?"

Nilikaa chini. Nilimwambia kwamba siku aliyofariki Mama nilijua mazishi ni siku ileile, na kwamba sikumwambia lile neno "leo". Vidole vyake viliendelea na maharagwe, vikatupa punje mbovu, vikatupa nyingine.

"Ungeniambia leo," alisema, "ningekuja na nguo ya shambani."

Aliinuka akaingia jikoni, nikasikia kigoda kikiburutwa. Alitoka na sufuria. Leso ilikuwa imepauka hata huwezi kujua iliwahi kuwa ya kijani, na fundo lilikuwa gumu, tukalifungua kwa meno. Ndani ilikuwa safi. Akanionyesha kuku mmoja uani. Mwenye duka wa zamani alikuwa amekufa, alisema, ila yuko mwanawe, nimpelekee.

Tukila, aliniuliza kwangu maji nayaweka wapi, nikamwambia nina tangi uani. Tulipomaliza kula tulishuka ziwani polepole. Ukingo haukuwa nilipouacha. Matete yalikuwa yameota penye njia yetu. Shosho alisimama kusikiliza viboko, kwa mazoea tu, maana hawasikiki tena. Niliinamisha chupa. Walipobaki wawili, aliushika mkono wangu.

"Hao wa tangi lako," alisema. "Wakifa, uje uchukue wengine."