Shingo Niliyoirithi kwa Babu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyoshuka Salgaa, kituo cha malori karibu na Nakuru, kutoka kwenye lori la mizigo, siku tano njiani tangu Juba. Nilijitazama kwenye kioo cha lori. Ngozi ilikuwa imelegea chini ya kidevu, inaning'inia kama ya mzee, na mimi nilikuwa nimegonga arobaini tu. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimetangatanga bila kurudi nyumbani. Sikutaka mama anione nimechakaa hivyo.

Basi nikapitia kwanza kwa daktari wa upasuaji mjini Nakuru.

"Boss," akaniambia, "nitapasua nyuma ya masikio na chini ya kidevu, nikaze msuli wa shingo, ngozi iliyozidi niikate. Lakini nikishakata, sirudishi."

Nikacheka. Wiki tatu nilijificha kwenye chumba cha kukodi, nimefungwa bendeji, hadi uvimbe ukaisha.

Kwetu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la babake mama, na mama humwita Baba tangu akiwa kwenye nepi. Mimi ndiye huyo wa pili. Mikunjo ile ya shingo ilikuwa ya babu, na nilijua.

Dada yangu alinifungulia mlango, pale mtaani kwetu Section 58, mjini Nakuru, akanikagua kidevuni.

"Umeenda kupigwa pasi," akasema, "na mama haoni tena."

Mama alikuwa kitini, macho yameingia ukungu, kumbukumbu nayo ikija na kuondoka.

"Baba amefika?"

Nikapiga magoti. Vidole vyake vikapanda shingoni, vikatafuta, vikateleza. Akauondoa mkono.

"Mpeni mgeni chai," akasema.

Nilikaa mwezi mzima. Nilimtajia majirani wa zamani, hata jina la ng'ombe wetu. "Huyu mgeni anatujua sana," akamwambia dada.

Siku niliyoondoka, na sikurudi tena hadi akazikwa nikiwa mbali, alinipa mkono kwa adabu. "Ukikutana na baba huko barabarani, mwambie namngoja."

Mwanangu, mwacha asili ni mtumwa. Sikukatazi daktari, shingo yangu aliishona vizuri. Ila kabla hujakata alama ya mwilini, uliza ni nani anaishika ili akujue. Na usikawie kurudi kwenu. Mimi sina tena pa kurekebisha. Wewe, Mungu akupe mkono utakaokupapasa uso, na mdomo utakaolitaja jina lako bila kusita.