Mama Aliyefufuka Kitabu cha Mwisho

Watu wakisikia kwamba niliwahi kulia machozi kwa ajili ya katuni ya Kijapani, tena Ujiji, tena enzi zile za wakimbizi, wananicheka. Wacheke tu, meno ni yao. Mimi nililia kwa wivu, na wivu wenyewe haujanitoka vizuri mpaka leo.

Rafiki yangu alikuwa Mrundi. Walikimbia vita wakiwa watatu, baba yake akapotea njiani, wakafika huku wawili. Badala ya kukaa kambini, mama yake alipanga chumba mtaa wa Gungu, akawa anauza mawese sokoni. Shuleni tulikaa dawati moja. Shangazi yake aliyebaki Bujumbura alikuwa akimtumia vitabu kwa mkono wa wafanyabiashara waliokuja na boti: vitabu vidogo vinene vya katuni, vya Kijapani, vimetafsiriwa kwa Kifaransa. Kifaransa alikuwa amekianza shule ya kwao. Mimi hata salamu sikuijua.

Lakini kitabu cha kwanza kilimshinda. Jalada lilikuwa limeng'oka, naye akakifungua kama tunavyofungua daftari, akaona mtu anazikwa, kisha yuko hai anapika, akaniambia Wajapani hawana akili. Nikamnyang'anya. Mimi ni mtoto wa chuo cha Kurani, nimeshika juzuu kabla sijajua kujifunga kanga, nikaona palepale kwamba kitabu kile kinaanzia kulia kama juzuu. "Anzia huku," nikamwambia, "na picha nazo zifuate hivihivi." Akajaribu. "Ego!" akapiga kelele, yaani ndiyo, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Tangu siku hiyo tukagawana kazi. Tulikaa kwenye baraza ya duka lililofungwa karibu na kwao. Mimi nilishika kitabu, nikafunua kurasa na kumwonyesha kwa kidole picha inayofuata. Yeye alisoma kimoyomoyo, kisha akanisimulia kwa Kiswahili chake cha kuvutavuta. Bila mimi kusema "haya", ukurasa haufunuliwi. Mimi na yeye tukawa chanda na pete, na mtu aliyetaka kusikiliza ilibidi asimame nyuma yetu.

Hadithi ilikuwa ya kijana mmoja ambaye kijiji chao kilichomwa moto na jenerali. Kitabu cha kwanza anamzika mama yake kwa mikono yake mwenyewe, udongo umemjaa kwenye kucha, halafu anashika njia kumtafuta huyo jenerali. Basi anatafuta, anatafuta, vitabu vinakuja, anatafuta. Tulianza tuko darasa la nne, tukafika la saba yeye bado yuko njiani. Tulibishana vibaya sana jinsi atakavyomuua. Mimi nilitaka amchome moto kama alivyochoma kijiji.

Tukiwa darasa la sita akaja yule mwingine. Baba yake alikuwa mhasibu wa serikali, kahamishiwa Kigoma kutoka Iringa, na mtoto alikuja na soksi nyeupe ambazo vumbi letu jekundu halikuzigusa, sijui alikuwa anakanyaga wapi. Alikuwa mpole. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana angekuwa na maringo ningepata la kusema. Shikamoo yake kwa mama muuza mawese ilikuwa laini, hata yule mama akawa anauliza, "Mwanangu wa Iringa leo hajaja?" Mimi niliyekuja kila siku hakuniulizia.

Alisimama nyuma yetu siku chache tu. Siku moja nilikuwa na homa, nikirudi namkuta kakaa mahali pangu, kitabu mkononi, anafunua kutoka kulia bila kukosea. Jamani! Kitu nilichojivunia miaka yote ile, yeye alikijua kwa mchana mmoja! Nikasonya, nikajibana katikati yao kwa nguvu, akanipisha na kusema samahani. Akh, samahani yake ilinichoma kuliko tusi.

Baadaye wakaanza kunong'onezana. Nikifika wananyamaza. "Mnaongea nini?" nauliza. "Oya, hapana, si kitu," rafiki yangu ananijibu. Nilikuwa nalala na hilo "si kitu" kifuani. Niliwaza labda wananiteta, na kusema kweli ningefurahi kama wangekuwa wananiteta, maana hapo ningekuwa ndani ya mazungumzo yao.

Kitabu cha mwisho kilifika siku ya shule. Rafiki yangu aliniambia asubuhi, macho yanamtoka: kimekuja, kipo nyumbani chini ya mto. Nikamshika mkono. "Mnisubiri. Msifungue mpaka nitoke chuo. Niapie." Akaapa. Mchana ule chuoni sikusoma chochote cha maana, ustadhi akanirudisha aya ileile mpaka wenzangu wote wakaondoka. Nilipoachiwa nilivua viatu, nikakimbia peku kutoka Ujiji mpaka Gungu.

Walikuwa wameshamaliza.

Yule wa Iringa alikuwa na kitabu mapajani, kakifunga. Wote wawili walikuwa wamelia, na wote wawili walikuwa na hasira. "Uongo mtupu!" rafiki yangu akaniambia, kabla hata sijamuuliza kwa nini hawakunisubiri. "Unajua jenerali kafaje? Kateleza! Kateleza kwenye mawe, kaanguka, basi!"

"Kateleza?" Nikasahau kununa. "Miaka yote hii? Hivi kweli huyu mchoraji ana akili timamu?"

"Hakuna hata kupigana!"

"Si angetuambia tangu mwanzo tukacheze rede!"

Tukacheka kwa uchungu, sote watatu, na kwa dakika ile nilikuwa mahali pangu. Nikaomba kitabu nione mwenyewe. Nikafunua mpaka kurasa za mwisho. Kijana amerudi kijijini, nyumba zote zimesimama kama mpya, na mlangoni yupo mama yake. Rafiki yangu akanieleza kwa sauti ya kukatakata kwamba eti hakufa, aliamka kaburini akatoka, akawa anamngoja siku zote. Mama anacheka. Hakuna hata kovu.

Mimi nikapenda. Sasa nifanyeje? Nilipenda, na mdomo wangu haujui kukaa. "Lakini si afadhali?" nikasema. "Mama yake karudi. Kuna ubaya gani?"

Yule wa Iringa alikuwa anatazama soksi zake. Halafu akasema taratibu, "Alimzika yeye mwenyewe. Ukishamzika mtu, umemzika."

"Mama yake huyu yuko kaburini Iringa," rafiki yangu akaniambia. "Ndiyo maana baba yake aliomba uhamisho. Na mimi baba yangu, kila boti ikija mama anaenda kutazama. Halafu mtu anakaa Japani huko anachora hivi?"

Kumbe ndilo hilo "si kitu" lao. Nikasema pole. Pole ilitoka mdomoni, moyoni hamkuwa na pole hata chembe. Niliona tu jinsi walivyokaa bega kwa bega, wameudhiwa na ukurasa mmoja, kwa sababu moja, na mimi sababu hiyo sina. Nikawaonea wivu. Nikajaribu kujiingiza. "Hata mimi kimenichukiza," nikasema kwa nguvu. "Kitabu cha ovyo kabisa! Ningekuwa mimi ningekitupa ziwani!"

Rafiki yangu akanitazama. Hakuwa na hasira na mimi, afadhali angekuwa nayo. "Wewe hakijakuchukiza," akasema. "Nenda, magharibi inaingia. Mama yako atakutafuta."

Nikavaa viatu. Nilipogeuka kona walikuwa bado wamekaa palepale, kitabu kiko juu ya magoti yao wawili. Nikalia njia nzima, watu wananiuliza nimepigwa na nani.

Nyumbani mama alikuwa jikoni anapuliza moto. Aliponiona aliacha kila kitu, akanivuta, akanipangusa uso kwa pindo la kanga yake. "Nani kakuliza? Nitajie, nimfuate sasa hivi!" Alikuwa amekwisha simama, yuko tayari kutoka hivyohivyo na mikono yake ya masizi. Nikamtazama, mama yangu, mzima wa afya. Nikausukuma mkono wake. Nilikuwa nimemkasirikia yeye, kwa sababu yupo.