Gauni la Chapchap

Tulimwita Chapchap kwa sababu alipokuja kwenye chumba chetu cha ushonaji, ghorofa ya tatu juu ya duka la rangi, alikuwa akimaliza pindo la gauni mwenzake hajatunga uzi. Mama mdogo wake, ambaye ndiye tajiri wetu, akawa anatembea kifua mbele. Dada yake, mama wa binti huyo, ndiye aliyemkabidhi amlee na amfundishe kazi, na kazi ilikuwa imemkubali.

Kisha binti akaanza kupoa. Alipanda ngazi huku ameshika ukuta, na akifika juu anakaa kwanza kwenye marobota ya vitambaa, anahema, mkono kifuani. Mchana alisinzia juu ya cherehani. Jina lilibaki lile lile, ila sasa tukimwita, wengine walicheka pembeni. Mama Mdogo akaamuru anywe chai ya rangi, nzito, pamoja na chakula na baada ya chakula, ili imchangamshe. Chupa ya chai haikuondoka mezani kwake.

Baada ya hapo chaki zikaanza kupotea, zile bapa za kuchorea kitambaa. Mimi ndiye mshona vifungo, kiti changu kinatazama meza zote, na macho yangu hayana likizo. Nikamwona Chapchap akivunja kipande, akakitia mdomoni na kukitafuna polepole, macho ameyafumba. Nilikwenda kumwambia Mama Mdogo nikidhani tutacheka. Uso ukamshuka.

"Anakula chaki, anasinzia, ana kizunguzungu," akasema. "Unajua hiyo ni nini. Nitamtazama dada yangu kwa macho gani?"

Watu wengine wangemuuliza binti mwenyewe, au wangempeleka zahanati. Sisi mafundi tukachukua futi. Mama Mdogo alitoa kabatini kitambaa cha kijani alichokuwa akikitunza, akamwambia Chapchap kwamba anamshonea gauni la kutokea. Kila baada ya siku chache alimsimamisha katikati ya chumba, akampima mabega na kifua kwa kisingizio, kisha kiuno, akanitajia vipimo niviweke kichwani. Kiuno kikipanuka, alishaapa, binti atarudishwa kwao na begi lake. Nilisema wazi kwamba huo ni upuuzi. Nikaambiwa nishone vifungo.

Kiuno hakikupanuka, kilipungua. Hata hivyo Mama Mdogo hakutulia. Alidai mimba nyingine huchelewa kuonekana, akapima tena. Siku hiyo mimi ndiye niliyeshika ncha ya futi, na mkono wangu ulipogusa mgongo wa binti nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio, na yeye amesimama tu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Viganja vilipauka mpaka nikaona vibaya kuvitazama. Niliogopa, tena niliogopa sana, lakini nilichokuwa nakiogopa sikukijua jina.

Kilichonifungua macho ni kapu la mabaki. Vipande vya vitambaa tunavitupa humo, na vile vya pamba mimi huvitumia kufutia mashine. Asubuhi moja nilikuta kapu limebaki na nailoni tupu. Nikakumbuka mwezi uliotangulia lilikuwa hivyo hivyo, na kwamba siku hizo Chapchap huvaa sketi nyeusi wiki nzima na zaidi. Mwanamke hahitaji kuelezwa pamba laini kiasi hicho inakwenda wapi. Na mwenye mimba mambo ya mwezi hayamhusu.

Nikamvuta Mama Mdogo hadi kwenye ngazi, nikamweleza. Kabla hajajibu tukasikia kishindo ndani. Binti alikuwa chini, kando ya meza ya kukatia, futi ingali shingoni mwake.

Hospitalini, nesi hakuanza na tumbo. Alivuta chini ukope wa chini wa jicho kwa kidole gumba, akatuita tuone. Panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe. Akatazama kucha na viganja, akachukua damu kupima, na majibu yalipotoka alirudi akitembea haraka. Damu imeshuka mno, akasema; ataongezewa leo, kisha atatumia vidonge vya madini ya chuma kwa miezi, na hedhi inayomtoka kwa wingi hivyo lazima itafutiwe sababu. Hata ile hamu ya chaki huletwa na upungufu huo. Alipouliza anakula nini, Mama Mdogo akaitaja chai, tena kwa fahari kidogo. Nesi akatikisa kichwa. Chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kuyapata madini hayo, akasema, kwa hiyo ikae mbali na sahani yake.

Mama Mdogo akamuuliza binti kwa nini hakusema. Chapchap akajibu kwamba alidhani wanawake wote hutokwa hivyo. Kisha akamtazama, chupa ya damu ikining'inia juu yake.

"Mama mdogo, gauni langu limefika wapi? Maana kila siku unapima tu."

Kitambaa chenyewe hatukuwa tumekitia mkasi. Mama Mdogo aliniburuta hadi mlangoni, analia wazi mbele za watu, akaniambia nimtajie vipimo. Nikaanza mabegani, nikashuka kifuani. Nilipofika kiunoni akanishika mkono.

"Hapo tuache nafasi," akasema. "Tuache nafasi kubwa. Atanenepa."