Pua ya Paskazia

Kwa miaka kumi na saba Paskazia alinusa samaki. Ndiyo ilikuwa kazi yake katika kiwanda kimoja cha sangara jijini Mwanza: mzigo ukishushwa huinama, hufunua shavu la samaki, hunusa mara moja, kisha husema "apite" au "hapana". Wauzaji walimnung'unikia, lakini hakuna aliyewahi kumkuta amekosea.

Mwaka jana, mwezi wa sita, akashikwa na mafua makali. Alipopona hakusikia harufu tena. Sabuni, vitunguu, mafuta ya taa, vyote kama maji.

Hakumwambia mtu. Alirudi kazini akatumia macho na vidole. Jicho la samaki likiwa angavu, nyama ikibonyea na kuinuka, anampitisha. Wiki tatu zikapita salama.

Siku moja ukaja mzigo kutoka Nansio. Samaki wanang'aa. Akawapitisha wote. Baadaye msimamizi wake, Bashiru, akamwita kwenye meza ya minofu.

"Mama Gladness, hebu nusa hapa."

Akainama, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

"Hawa wazima."

Wasichana wa minofu wakatazamana, mikono puani. Petroli ilikuwa imemwagika mtumbwini na samaki wote wamelowa.

Bashiru akashusha sauti. "Tangu lini, mama?"

"Tangu yale mafua."

Hakumfokea. Jioni ile ile Paskazia akakabidhi koti na mabuti.

"Mishipa ya harufu imeumia," daktari alimweleza. "Ikianza kupona, ubongo unaweza kuisoma harufu ndivyo sivyo."

"Na dawa?"

"Ni kusubiri tu, mama."

Baada ya miezi mitano harufu zikarudi, zimepotoka. Ugali ulinuka mpira unaoungua. Chai pia. Akakonda.

Desemba binti yake, Gladness, akaja kujifungulia kwake Igoma. Walipotoka hospitali akampakatisha mtoto. Paskazia akainamisha uso kwenye utosi laini, akashtuka, akamrudisha mtoto haraka na kukimbilia uani kutapika.

"Mama! Ni mjukuu wako!"

"Najua, mwanangu. Mzuri mno. Usimlete karibu."

Kazi ya kumwogesha mtoto ikafanywa na jirani yao Mwaija. Bibi alisimama mlangoni, akitazama.

Mwezi ulipoisha Gladness akafungasha, akarudi kwa mumewe Mkolani.

"Utakuja kutuona?"

"Nitakuja."

Mpaka leo hajaenda.